Kupiga Picha za Wanyama na Maisha ya Mashambani Majani Yanapopukutika: Mwongozo Kamili

Kila msimu wa majani kupukutika, picha ninazoonyeshwa zina kasoro zilezile tatu. Mnyama ametikisika hadi hana jicho wala manyoya. Au yuko wazi kabisa, ila kinachoonekana ni makalio yake akitokomea vichakani. Au msitu uliokuwa unawaka manjano na wekundu umetoka kahawia kama matope.

Wenye picha hizo huuliza wanunue kamera gani. Jibu langu ni kwamba kamera waliyonayo inatosha. Picha zao huharibika kabla kidole hakijagusa kitufe: kasi ya shata, yaani muda ambao kamera huacha mwanga uingie, waliiachia kamera ichague, na miguu yao haikutulia hata mara moja. Kwa hiyo mwongozo huu unakaa sana kwenye maandalizi na kwenye kusimama, na kidogo tu kwenye kubofya.

Unahusu nchi zenye majira manne, yaani Septemba hadi Novemba kaskazini mwa dunia, na Machi hadi Mei kusini.

## Vitu vya kubeba

Kamera au simu. Kwa wanyama, lenzi inayofika milimita 300 ndiyo mwanzo mzuri. Simu inafaa kwa majani, uyoga, utando wa buibui, watu na mandhari. Ukiwa na simu peke yake, usihangaike kumjaza kulungu kwenye fremu. Mpige akiwa mdogo ndani ya shamba lenye ukungu, picha itapendeza zaidi.

Betri ya akiba, ikae mfuko wa ndani karibu na mwili. Baridi hupunguza nguvu ya betri. Iliyoonekana kuisha hupata uhai kidogo ikipashwa joto mfukoni.

Vitambaa viwili vikavu vya lenzi. Umande na manyunyu vitalowesha kimoja mapema.

Mfuko wa plastiki unaofungika, unaoenea kamera nzima. Kazi yake utaiona hatua ya mwisho. Usiuache.

Kofia ya lenzi, ile ya kivuli inayochomoza mbele yake, si kifuniko. Msimu huu jua hukaa chini karibu mchana kutwa, na mwale unaoingia lenzi kwa upande huififisha picha nzima.

Nguo zisizochakarisha. Jaketi la nailoni husikika mbali kuliko unavyodhani. Sufu au pamba nzito ni bora kama mvua haitarajiwi.

Kizibao cha rangi ya machungwa inayong'aa. Katika nchi nyingi huu ndio msimu wa uwindaji, na mwindaji lazima akuone. Usihofu kwamba kitawafukuza wanyama: macho ya kulungu hayatofautishi vizuri wekundu na machungwa. Atakachokiona haraka ni mkono wako unaopunga.

Soksi ndefu na buti. Ingiza suruali ndani ya soksi. Kupe bado wako hai kwenye nyasi ndefu na majani yaliyolala chini, na baadhi hubeba ugonjwa wa Lyme, maambukizi ya bakteria.

Tochi ya kichwani, kwa sababu utaanza au utamaliza gizani. Kipande cha turubai cha kupigia magoti. Kichujio cha polaraiza ukiwa nacho, yaani kioo cha mbele ya lenzi kinachofuta mng'ao.

Stendi ya miguu mitatu mimi huiacha nyumbani. Kwenye matembezi humfanya mtu awe mzito, na kufikia anapomaliza kuifungua miguu, ndege ameshahama mti. Ibebe tu kama umekwenda mahsusi kupiga kijito.

## Hatua ya 1: Chagua siku kwa hewa, chagua saa kwa jua

Tazama utabiri wa jioni iliyotangulia. Ukikuta usiku mtulivu, anga safi na ardhi yenye unyevu, tarajia ukungu wa alfajiri kwenye mabonde na kandokando ya maji. Huo ndio ukungu unaofutika jua likipanda, kwa hiyo uwe mahali pako nusu saa kabla ya kuchomoza, si baada yake.

Siku ya mawingu mazito usiitupe. Mwanga wake ni laini, hauna vivuli vikali, na ni bora kwa majani na uyoga kuliko jua la mchana. Upepo mkali ndio wa kuuepuka: majani hayatulii, na wanyama huwa na wasiwasi kwa sababu hawasikii vizuri kinachowanyemelea.

Baada ya siku ambayo usiku na mchana hulingana, karibu tarehe 22 au 23 Septemba upande wa kaskazini, mchana hupungua kwa kasi. Mahali palipokuwa na mwanga mzuri jioni wiki mbili zilizopita leo pana giza saa ileile. Na katika nchi zinazorudisha saa nyuma (Ulaya ni Jumapili ya mwisho ya Oktoba, sehemu kubwa ya Marekani ni Jumapili ya kwanza ya Novemba) mshale wa saa utakudanganya zaidi. Mnyama hana saa ya ukutani. Panga kwa kuchomoza na kuzama kwa jua.

## Hatua ya 2: Tayarisha kamera kabla ya kufunga mlango

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo soma polepole.

Unahitaji mipangilio miwili tu. Kamera nyingi zina nafasi za kuhifadhi mipangilio kwenye gurudumu la juu, zilizoandikwa C1 na C2 au U1 na U2. Zitumie, ili kubadili kuwe kwa mzunguko mmoja wa kidole.

Mpango wa mwendo. Chagua hali ya S, ambayo kwa Canon ni Tv: wewe unapanga shata, kamera inapanga tundu la lenzi. Weka shata 1/1000 ya sekunde. Acha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ijipange yenyewe, ila iwekee kikomo cha 6400. Fokasi iwe ile endelevu inayomfuata mnyama anaposogea. Kamera nyingi huiandika AF-C, na Canon huiita Servo. Washa picha mfululizo, na kama kamera yako hutambua macho ya wanyama, washa hilo pia.

Mpango wa utulivu. Chagua hali ya A, ambayo kwa Canon ni Av: wewe unapanga tundu la lenzi, kamera inapanga shata. Tundu la lenzi liwe f/8, ISO 100 hadi 400, fokasi ya mara moja. Huu ni wa majani, uyoga na mandhari. Shata ikishuka chini ya 1/125 nawe umeshika kwa mkono, ongeza ISO.

Sasa sikiliza hili: unapotembea, kamera ikae kwenye mpango wa mwendo wakati wote. Uyoga utakusubiri ubadilishe mipangilio. Mbweha hatakusubiri.

Kwa nini 1/1000, tena chini ya miti ambako mwanga ni haba? Kwa sababu ISO kubwa huleta chembechembe, na chembechembe hupunguzwa baadaye kwenye kompyuta. Mtikisiko haufutiki. Picha ya ISO 6400 yenye jicho kali ni picha. Ya ISO 400 iliyotikisika haina kazi.

Ukishazoea, rekebisha kulingana na kilicho mbele yako:

- mtu anayetembea: 1/250
- ndege aliyetua tawini: 1/500, kwa sababu hata akitulia kichwa chake hakitulii
- kindi au mbwa anayekimbia: 1/1000
- ndege anayeruka: 1/2000

Kidhibiti mtikisiko cha lenzi kinatuliza mkono wako. Hakimtulizi mnyama. Wanaoniambia "lakini lenzi yangu ina kidhibiti" ndio hao wenye ndege wasio na mabawa.

Jifunze pia kitufe cha kuongeza na kupunguza mwanga, chenye alama ya + na −. Kamera hutaka kila kitu kiwe kijivu cha wastani. Kwenye ukungu ongeza +0.7 hadi +1, la sivyo ukungu mweupe utatoka kama moshi. Kunguru mbele ya anga jeupe anahitaji +1 au zaidi. Batamaji mweupe juu ya maji meusi anahitaji −0.7 au −1, asije akaungua akawa doa lisilo na manyoya.

Kwa simu: futa lenzi kwanza, kwani mafuta ya vidole ndiyo hufanya taa na jua vitoe mikia ya mwanga. Bonyeza na ushikilie kidole kwenye kitu unachokilenga hadi fokasi na mwanga vijifunge, kisha telezesha kidole chini kidogo kupunguza mwanga. Usivute karibu kupita lenzi halisi za simu zinavyoruhusu. Zaidi ya hapo simu inakata na kupanua pikseli tu. Zima hali ya usiku kwa chochote kinachosogea, kwa sababu huunganisha picha kadhaa zilizopigwa kwa muda, na mnyama atatoka kama mzuka.

Jaribu ukiwa mlangoni. Piga gari linalopita au mtoto anayekimbia, kisha kuza picha hadi mwisho. Ukiweza kusoma namba ya gari au kuona nyuzi za viatu, kamera iko tayari. Kama huwezi, usitoke kwanza.

## Hatua ya 3: Tembea kidogo, simama sana

Mnyama wa mashambani ameshazoea watu wanaopita. Kinachomshtua ni mtu anayekuja, anasimama ghafla, anamkazia macho na kunyanyua kitu cheusi usoni. Hivyo ndivyo mwindaji yeyote hufanya, awe mtu au chui.

Kutokana na hilo zinapatikana kanuni mbili. Simama *kabla* mnyama hajaonekana. Na kama mmekutana ghafla, *usisimame*: endelea kutembea polepole kwa mshazari, ukitazama pembeni, kamera ikipanda taratibu kuelekea kifuani. Tulia ukishapata mti au kichaka cha kuvunja umbo lako.

Wapi pa kusimama? Tafuta mipaka: msitu unapokutana na malisho, ua wa vichaka kati ya mashamba, ukingo wa kijito, mti wenye matunda yaliyoanguka. Wanyama hula upande wa wazi na kukimbilia upande wa kificho, kwa hiyo mpakani ndipo wanapopita. Angalia alama: njia nyembamba iliyolazwa nyasi, maganda ya mbegu yaliyotafunwa, kinyesi kibichi, manyoya kwenye waya wa uzio.

Kisha fanya hivi:

1. Rusha majani makavu machache juu uone upepo unakwenda wapi. Simama upepo ukikupiga usoni, ili harufu yako irudi nyuma.
2. Egemeza mgongo kwenye shina la mti. Umbo lako litapotea, na mikono itapata pa kutulia.
3. Inua kamera usawa wa kifua sasa hivi. Baadaye safari yake hadi jichoni iwe fupi.
4. Kaa dakika 20 bila kuhama.

Dakika kumi za mwanzo zitaonekana kama kazi bure. Ndege walinyamaza ulipofika, na ukimya huo huwaambia wengine wote kwamba kuna hatari. Wakianza kuita tena na kushuka chini kutafuta chakula, umekubaliwa. Hiyo ndiyo dalili ya kungoja, na baada yake ndipo picha huanza.

Jifunze pia dalili za mnyama aliyechoka na uwepo wako: anaacha kula, masikio yanakuelekea, shingo inanyooka, anapiga mguu chini. Ukiona mojawapo, shusha kamera na urudi nyuma taratibu. Wanyama wengi msimu huu wanajaza mafuta ya kuwavusha baridi, na kila mbio unayowalazimisha inatoka kwenye akiba hiyo. Usiwavizie kwa chakula, usiwapigie sauti za kurekodi, na usirushe droni juu yao.

Onyo la ng'ombe. Watu huogopa wanyama wa porini na kuwasahau wa shambani. Usipite katikati ya ng'ombe na ndama wake, hasa ukiwa na mbwa. Mbwa awe na kamba. Lango ulilolikuta limefungwa lifunge.

## Hatua ya 4: Jicho, magoti, nyuma yake

Piga ya kwanza mapema, mnyama akiwa bado mbali. Hiyo ni ya ushahidi. Ikishapatikana, papara hupungua. Baada ya hapo boresha mambo matatu.

Jicho kwanza. Weka nukta ya fokasi hapo, si ubavuni. Jicho likiwa kali, mtazamaji husamehe mkia uliofifia. Likififia jicho, hakuna kingine kitakachookoa picha. Subiri kichwa kigeuke hadi nukta ya mwanga iakisike ndani yake.

Pili, shuka. Kindi aliyepigwa kutoka urefu wa mtu mzima ni mgongo wenye mkia. Piga goti, au lala kwenye turubai, lenzi iwe sawa na macho yake. Ukishuka, ardhi ya nyuma yake nayo inasogea mbali na kuwa laini, na majani yaliyolala mbele yanageuka pazia la rangi.

Tatu, tazama nyuma ya mnyama kabla ya kubofya. Mara nyingi nusu hatua kushoto inatosha kuondoa tawi linaloota kichwani au kipande cha anga jeupe. Muachie nafasi upande anaoelekea kutazama.

Bofya kwa mafungu mafupi ya picha tatu au nne. Anayeshikilia kitufe hadi kadi ijae huishia kungoja kamera imalize kuhifadhi, na mara nyingi huo ndio wakati jambo lenyewe hutokea.

## Hatua ya 5: Wanaopatikana msimu huu, na namna ya kila mmoja

Kindi. Anazika mbegu kwa ajili ya baridi, kwa hiyo hurudi mti uleule mara nyingi. Kaa kama mita kumi kutoka mahali penye maganda. Usimfuate akikimbia, ngoja anaposimama kwa miguu ya nyuma ameshika mbegu kwa mikono miwili. Hapo hutulia sekunde kadhaa, na ndipo pa kubofya.

Kulungu mwekundu (red deer). Kuanzia mwishoni mwa Septemba na Oktoba yote, madume hunguruma, hufukuzana na kupigana pembe. (Aina nyingine, paa mdogo wa misitu ya Ulaya, hupandana Julai na Agosti, kwa hiyo usimngoje angurume sasa.) Dume aliye kwenye hali hiyo ni hatari kwelikweli. Bustani za kifalme za London, ambako kulungu huzurura huru, huwataka watu wakae umbali wa angalau mita 50, mimi naongeza. Usikae kati ya madume wawili, wala kati ya dume na majike wake. Picha ya kutafuta ni ya alfajiri: jua nyuma yake, miti yenye kivuli nyuma zaidi, na pumzi yake ikitoka kama moshi. Punguza mwanga −0.7, shata 1/500. Mvuke ukionekana mweupe dhidi ya giza, umeipata.

Bata bukini. Sauti yao hufika kabla yao, kwa hiyo una muda. Geuka, weka 1/2000, mfuate wa mbele kwa kuzungusha kiuno badala ya mikono, na uendelee kuzunguka hata baada ya kubofya.

Kwezi. Sehemu nyingi za Ulaya makundi yao hukusanyika kabla ya giza kuanzia Oktoba au Novemba, yakicheza angani kabla ya kulala. Hapa lenzi ndefu ni kosa. Tumia pana, hata simu. Weka mti au paa chini ya fremu ili ukubwa wa kundi uonekane.

Utando wa buibui. Asubuhi ya umande tu, kabla jua halijaukausha. Simama utando ukiwa kati yako na jua, na nyuma yake pawe na giza. Kioo cha lenzi kiwe sambamba na utando, vinginevyo nusu yake itakuwa nje ya fokasi. Fokasi ya kamera hapa hupotea na kushika kilicho nyuma, kwa hiyo zungusha kwa mkono. Usiuguse: matone yakishadondoka hayarudi, na buibui ana kazi nao.

Uyoga. Kwa simu kuna ujanja mmoja mzuri: igeuze kichwa chini, ili lenzi iwe karibu kugusa ardhi. Uyoga wa sentimita tano utasimama kama mnara. Ondoa jani moja au mawili yanayokera, lakini usifyeke kuvu na kigoga kinachouzunguka. Na usile uyoga kwa kuutambua pichani. Iko aina inayoua inayofanana sana na inayolika.

Kalunguyeye anayetangatanga mchana kweupe mara nyingi ni mgonjwa au ana njaa kali. Weka kamera chini na uwapigie wanaohudumia wanyamapori wa eneo hilo. Bundi usimmulike kwa flashi.

## Hatua ya 6: Rangi za majani zisife

Matope yale niliyoyataja mwanzoni yana chanzo kimoja kikuu: mizani ya weupe (white balance) ya kamera. Ikiachwa ijipange, kamera huona wingi wa manjano na wekundu, hudhani ni kosa la taa, na hulisahihisha kwa kuongeza ubluu. Weka mizani hiyo kwenye alama ya wingu, karibu kelvini 6000 hadi 6500, na uiache hapo siku nzima. Tofauti utaiona papo hapo kwenye skrini.

Cha pili ni mng'ao. Jani lililolowa huakisi anga, na mwakisiko huo mweupe hulifunika rangi. Kichujio cha polaraiza kikizungushwa polepole hufuta mng'ao, na rangi hurudi kwa kina. Lakini kinakula mwanga mwingi: shata ya 1/1000 inaweza kushuka hadi 1/250. Kivue kabla ya kurudi kwa wanyama.

Punguza −0.3 unapopiga majani mekundu kwenye jua, kwa kuwa rangi nyekundu hujaa kabla ya nyingine na kupoteza mishipa ya jani. Na badala ya kupiga msitu mzima, tafuta mti mmoja wenye jua nyuma yake, wenye mashina meusi pembeni. Majani yaliyopitiwa na mwanga huwaka. Yaliyopigwa na mwanga kwa mbele huonekana bapa.

Ukikuza picha na kuiona mishipa ya jani, rangi haijapotea.

## Hatua ya 7: Mambo madogo ya njiani

Watu hurudi na picha mia za kulungu wa mbali, bila hata moja ya rafiki waliyetembea naye. Baada ya miaka michache utaitafuta ile ya rafiki.

Njia iliyo rahisi ni kutafuta jukwaa kwanza, mtu baadaye. Umeona lango la mbao lenye mwanga wa pembeni? Tangulia, simama, pima mwanga, ngoja wenzako wafike wenyewe. Usiwaambie "simameni hapo", kwani sura zao zitabadilika. Simu kwa ukubwa wake wa kawaida, au lenzi ya milimita 35, inatosha.

Mambo ya kuvizia: mikono inayozunguka kikombe chenye mvuke, buti likinasa kwenye matope, mtoto akirusha majani, mbwa anapojikung'uta maji. Mbwa huanza kujikung'uta kichwani na kumalizia mkiani, kwa hiyo bofya mara kichwa kinapoanza, kwa 1/1000, jua likiwa nyuma yake. Kwa mtoto anayerusha majani, piga kabla hayajaachwa mkononi. Ukingoja yawe juu, mikono imeshashuka na uso umefunikwa.

Ukitaka jani linaloanguka lionekane linaanguka, fanya kinyume cha yote niliyosema: shata 1/15, bega limeegemezwa kwenye mti, mtu ametulia. Yeye atatoka mkali na majani yatatoka kama mistari. Hili litakataa mara nyingi kabla ya kukubali.

Mkulima kazini na mpita njia ni watu, si mapambo. Salimia, onyesha kamera, uliza. Kwa mtoto asiye wako, ruhusa ni ya mzazi. Uga wa nyumba ya mtu na shamba lisilo na njia ya umma usiingie kwa kisingizio cha picha.

Mpe picha mtu ambaye hakuwepo. Akisema "ilikuwa baridi eh?" kabla hujamweleza chochote, imefanya kazi yake.

## Hatua ya 8: Ukirudi nyumbani

Kabla ya kuingia ndani, toa kadi, kisha ifunge kamera kwenye ule mfuko wa plastiki. Hewa ya joto ya nyumbani ikigusa chuma na kioo vyenye baridi, unyevu wake hugeuka kuwa matone, na mengine hutokea ndani ya lenzi ambako kitambaa hakifiki. Ndani ya mfuko, matone yatatua nje ya plastiki. Iache saa moja au mbili hadi ipate joto la chumba.

Wakati huo, vua nguo na ukague kupe: nyuma ya magoti, kwapani, kinenani, nyuma ya masikio. Ukimkuta, mng'oe kwa kibano chenye ncha nyembamba, umshike karibu kabisa na ngozi, uvute moja kwa moja bila kupindisha. Usimpake mafuta wala kumchoma. Ukiona wekundu unaotanuka siku au wiki zinazofuata, nenda kwa daktari.

Chambua picha kwa mizunguko. Wa kwanza, kuza macho tu: lisilo kali linafutwa bila huruma. Wa pili, kwenye kila fungu bakiza moja. Rangi ziguse mwisho, na kwa mkono mwepesi. Kitelezi cha kukoleza kikivutwa sana, majani mekundu huwa kama plastiki na nyuso za watu huwa machungwa. Nakala ziwe mahali pawili au zaidi, na mojawapo isiwe ndani ya nyumba.

Kabla ya kumtumia mtu picha ya shimo la mbweha, kiota au mnyama adimu, futa taarifa za mahali zilizomo ndani ya faili. Simu huziweka yenyewe usipoizuia.

Kwenye daftari andika tarehe, mahali, upepo ulikotoka na dakika kutoka kuchomoza kwa jua. Chaji betri zote mbili, futa kadi ukitumia kamera yenyewe baada ya kuhakikisha nakala zinafunguka, na urudishe gurudumu kwenye mpango wa mwendo.